Mungu hadai riba: majibu ya barua zenu

Barua za mwezi huu nimezisoma zote, zingine mara mbili, na moja niliisoma usiku nikashindwa kulala. Mnaniita Mwalimu na kweli mimi ni mwalimu tu wa Biblia hapa Jinja, sio padri wala askofu, nimelelewa Kanisa la Uganda nikaolewa kwenye nyumba yenye Wakatoliki na walokole wa kila aina, kwa hivyo mkiona jibu langu haliendani na la pasta wenu nendeni mumuulize kwa adabu Biblia ikiwa wazi mbele yenu. Kitu kimoja nimekiona kwenye karibu kila barua: watu wanamuogopa Mungu vile mtu anamuogopa mkopeshaji, ati ukichelewa siku moja tu anakuja kuchukua pikipiki. Basi tuanze na wa pikipiki mwenyewe.

*Bwana asifiwe Mwalimu. Mimi ni boda steji ya Kireka, pikipiki nilichukua kwa mkopo nalipa kila wiki. Pasta anasema fungu la kumi inatoka kwa pesa yote unayoshika kabla hujatoa mafuta wala mkopo. Miezi miwili sikutoa, teksi ikanigonga mguu ukavunjika, sa hivi mke wangu anasema ni laana ya Malaki. Kweli Mungu ndo amenivunja mguu?*

Pole sana ndugu yangu. Hapana, Mungu hajakuvunja mguu. Soma Luka 13, mnara wa Siloamu uliangukia watu 18 wakafa, na watu walikuwa na mawazo hayohayo ya mke wako, kwamba lazima hao walikuwa na deni fulani kwa Mungu, Yesu akakataa palepale. Teksi ilikugonga kwa sababu dereva wa teksi alikata kona vibaya au barabara ina shimo au nyote wawili mlikuwa mnakimbilia abiria, mimi sikuwepo, lakini Malaki hakuwepo pia.

Sasa huyo Malaki mwenyewe tumsome vizuri, manake wanamsomaga mstari mmoja tu wa 3:10 na hawaanzi mwanzo. Ukianza sura ya 1 unakuta wa kwanza kugombezwa ni makuhani, walikuwa wanamtolea Mungu wanyama vipofu na vilema. Na fungu la kumi lenyewe lilikuwa la nini? Hesabu 18 inasema lilikuwa la Walawi kwa sababu hawakupewa shamba kama makabila mengine, na Kumbukumbu 14:28-29 inasema kila mwaka wa tatu liwekwe ndani ya mji wale Mlawi, mgeni, yatima na mjane mpaka washibe. Lilikuwa chakula, nafaka na mifugo, na lilitoka kwenye mavuno, mtu hakuwa anatoa fungu la kumi la mbegu aliyoazima kwa jirani. Mafuta ya pikipiki ndo mbegu yako wewe. Pesa ya mkopo ni ya mwenye pikipiki, imepitia tu mfukoni mwako. Kwa hivyo mimi nakwambia bila kuzunguka, hesabu kile kinachobaki mkononi kikiwa chako kweli, na hapo utoe.

Utoe kiasi gani? Kumi kwa mia ni kipimo kizuri, mimi mwenyewe nakitumia, lakini Paulo alipokuwa anawachangisha Wakorintho kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakuwatajia asilimia hata moja, alisema kila mtu kama alivyokusudia moyoni, sio kwa huzuni wala kwa kulazimishwa, na akasema toleo linakubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, sio asichokuwa nacho (2 Wakorintho 8 na 9, soma zote mbili polepole). Ile laana ya torati, Wagalatia 3:13 inasema Kristo aliibeba. Akishaibeba haiwezi tena kukungojea kwenye taa za barabarani.

Na kitu ambacho hawakukwambia: mtu mwenye mguu kwenye plasta, pikipiki imesimama, watoto wanataka posho ya kupika na mkopeshaji anapiga simu, huyo kwa sasa sio mtoaji, huyo ndo yule wa Kumbukumbu 14 ambaye ghala liliwekwa kwa ajili yake. Nenda kanisani na magongo yako useme mimi nina shida. Kama kanisa linachukua fungu la kumi la boda akiwa mzima halafu halijui nyumba yake iko wapi akiwa mgonjwa, tatizo haliko kwako. (Na yule mama wa Masindi aliyeuza mbuzi wawili akatuma pesa kwa simu kama mbegu ya muujiza kwa mhubiri ambaye hajawahi kumuona, mama, usitume tena. Yesu alisema juu ya wanaokula nyumba za wajane kwenye Marko 12:40, na mistari inayofuata tu ndo mjane anatoa senti zake mbili, usizitenganishe hizo habari mbili.)

*Tumsifu Yesu Kristo. Nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga, padri alinimwagia maji kichwani. Sasa nimeokoka nasali na walokole hapa Njeru, wanataka nibatizwe tena kwenye Nile, wanasema ile ya utotoni ilikuwa kuogeshwa tu na nikifa hivi siendi mbinguni. Mama yangu analia kila siku. Nifanye nini?*

Binti yangu, mtu akikwambia huendi mbinguni kwa sababu maji yalikuwa machache, muulize yule mwizi msalabani alizamishwa kwenye mto gani.

Ukishatulia hapo ndo tuzungumze vizuri, manake swali lenyewe ni la kweli na Wakristo wanaompenda Mungu wamelijibu tofauti miaka mingi. Ndugu zetu walokole na Wabatisti wanasoma Matendo 2:38, tubuni mkabatizwe, wanasema mtoto mchanga hawezi kutubu kwa hivyo ubatizo unasubiri imani, na kuzama ndani ya maji ni picha ya kuzikwa na Kristo kama Warumi 6 inavyosema. Hiyo ni hoja nzito sio ya kudharau. Sisi wengine, Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi, tunasema ubatizo kabla haujawa neno langu kwa Mungu ni neno la Mungu kwangu, na yule askari wa gereza wa Filipi alibatizwa usiku uleule yeye na watu wake wote (Matendo 16:33). Kuhusu wingi wa maji, kuna maandishi ya Wakristo wa zamani sana yanaitwa Didake, yanasema ubatize kwenye maji yanayotiririka, yakikosekana tumia mengine, na kama huna ya kutosha mimina kichwani mara tatu kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Kwa hivyo tangu mwanzo mtoni ilikuwa ni vizuri na kumiminiwa pia ilikuwa ubatizo.

Mimi naamini ulishabatizwa. Ile siku Mungu alisema kitu juu yako, wewe ulikuwa umelala mikononi mwa mama, na miaka yote hii amekisubiri ukiitikie, sa umeitikia, kumbe ndo furaha yenyewe hiyo! Waefeso 4:5 inasema ubatizo mmoja. Wanaotumia Matendo 19 kusema watu walibatizwa mara ya pili, waangalie tena, wale walikuwa wamebatizwa ubatizo wa Yohana hawajawahi hata kusikia habari za Roho Mtakatifu. Kaa na mama yako, mwambie asante kwa kunipeleka. Kama unataka kusimama mbele za watu useme mwenyewe kwamba unaamini, una kipaimara, na kanisa lolote lenye busara litakupa nafasi ya kutoa ushuhuda. Na kama barua hii imekukuta umeshaingia mtoni usikae unajitesa tena kwa upande ule mwingine.

*Mwalimu, nafanya kazi gereji hapa Bombo, rafiki yangu mkubwa ni Muislamu, tunakula pamoja. Ananiuliza nyinyi mna miungu watatu, na Mungu amezaaje mtoto bila mke? Nilimpa mfano wa mafiga matatu na sufuria moja akacheka sana. Nipe jibu la kumnyamazisha.*

La kumnyamazisha sina, na nikiwa nalo sikupi, manake huyo ni rafiki yako sio mpinzani wa mpira. Jibu la kumwambia ukweli ninalo.

Anza kwa kumkubalia. Kama tungekuwa tunaabudu miungu watatu angekuwa na haki ya kutukataa, na Yesu mwenyewe angetukataa, manake alipoulizwa amri ya kwanza alijibu kwa maneno ya Musa, Bwana Mungu wetu ni Bwana mmoja (Marko 12:29). Mungu ni mmoja, hapo mnakaa mkeka mmoja. Halafu hiyo ya kuzaa, mwambie hata sisi tunaikataa kabisa, hakuna Mkristo anayeamini Mungu alikuwa na mke. Kiswahili chetu chenyewe kinasaidia kidogo, tukisema mwananchi tunamaanisha mwana wa nchi na hakuna anayeuliza nchi iliolewa lini na nani. Maana ya Mwana wa Mungu ni nzito kuliko hapo, lakini angalau mtaondoa lile wazo la kimwili mezani mkaanza kuongea. Yohana anamuita Neno, na rafiki yako anajua kwamba hata Kurani inamtaja Isa kuwa neno kutoka kwa Mungu. Neno lako halikuwa nje yako kabla hujalisema.

Mafiga yaache. Najua yanafundishwa shule ya Jumapili kila mahali lakini figa moja ukiliondoa linakaa peke yake kama jiwe, na Baba sio theluthi moja ya Mungu. Mfano wa maji, barafu na mvuke nao uache, manake maji yakishakuwa barafu sio mvuke tena, lakini pale Yordani Mwana yuko majini, Roho anashuka kama njiwa, na sauti ya Baba inasikika, wote wakati mmoja (Mathayo 3:16-17). Mimi mifano nimeacha kuitumia kabisa, nawaambia watu hadithi ya jinsi ilivyotokea.

Na ilitokea hivi. Watu wa kwanza kumfuata Yesu walikuwa Wayahudi, watu ambao walikuwa tayari kufa kuliko kuinamia kitu kingine chochote isipokuwa Mungu mmoja. Watu haohao wakajikuta wanamwambia Yesu, kama Tomaso, Bwana wangu na Mungu wangu, na Yesu hakumzuia. Hawakukaa kamati wakatunga fundisho, walikutana naye, na baadaye ndo kanisa likatafuta maneno ya kusema kilichowapata bila kuacha kusema Mungu ni mmoja. Neno Utatu kwenye Biblia halimo, kweli, ukiambiwa hivyo usibishe. Kwa Kilatini aliyelianzisha ni Tertullian, Mwafrika wa Karthago, nchi ambayo leo ni Tunisia, miaka kama 200 hivi baada ya Kristo. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea kwa sababu padri mmoja wa Aleksandria, Arius, alikuwa anafundisha kwamba Mwana ni kiumbe tu, wakasema hapana, yeye ana asili moja na Baba.

Unaweza kuuliza inanihusu nini mimi wa gereji. Inakuhusu hivi: kama Yesu ni mtumwa tu aliyetumwa, basi Mungu alikaa juu akamtuma mtu mwingine akalipe. Kama yeye ni Mungu mwenyewe basi aliyekuwa anatudai ndiye aliyekuja kulipa. Mimi nimeokolewa na hiyo sentensi. Mwambie rafiki yako hivyo mkiwa mnakula, halafu na wewe umsikilize akikwambia yake.

*Kanisani kwetu wanawake wanakatazwa kusuka nywele na kuvaa hereni, wanasema 1 Petro 3. Ni dhambi?*

Sio dhambi. Petro kwenye mstari uleule anataja kusuka nywele, kujitia dhahabu na kuvaa mavazi, sasa kama kusuka ni dhambi basi na kuvaa nguo pia ni dhambi. Anachosema ni kwamba uzuri wako usiishie hapo. Paulo kwa Timotheo anazungumzia wenye kujionyesha kwa vitu vya thamani. Hereni za shilingi elfu mbili za sokoni hazimsumbui mtu. Lakini kama umechagua kusali hapo na ndo utaratibu wao, usiingie ukiwa umevaa ili tu wakuone, tafuta wazee uzungumze nao.

*Mimi ni mlokole, mume wangu Mkatoliki. Anataka mwaka huu twende Namugongo kwa miguu na watoto wawili wakubwa. Pasta wangu amesema huko wanaabudu wafu. Nimuache aende peke yake?*

Nenda naye dada, na uvae viatu vilivyozoea mguu.

Namugongo, pale wafia dini wa Uganda walipochomwa, mimi nimeenda mara nyingi na ninajua kinachokusumbua, umeona watu wanachota yale maji kwenye vikopo, wanapiga magoti mbele ya sanamu, na wengine kweli wanaenda na mawazo ya uganga, hao wapo, kama walivyo kwenye makanisa yetu ya mafuta ya upako. Lakini fundisho lenyewe la Kanisa Katoliki sio kuabudu watakatifu, kuabudu ni kwa Mungu peke yake, wao wanaomba watakatifu wawaombee vile wewe unavyomuomba mama mchungaji akuombee. Sisi Waanglikana hatuendi mpaka hapo, tunawakumbuka tu na kumshukuru Mungu kwa ajili yao. Hata usipowaomba neno moja bado una sababu ya kwenda, manake Waebrania baada ya kuhesabu majina ya mashahidi sura nzima ya 11 inasema tumezungukwa na wingu kubwa la mashahidi, basi tupige mbio.

Na watoto wako waambie ukweli wote njiani. Kwamba Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwaua Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, kati ya 1885 na 1887, na kwamba tarehe 3 Juni 1886 pale Namugongo baadhi yao walifungwa ndani ya mafungu ya matete wakachomwa pamoja, waliokuwa Wakatoliki na waliokuwa Waprotestanti, moto haukuuliza nani kabatizwa na nani. Waonyeshe hapo ni pamoja, makanisa mawili yamejengwa mbalimbali lakini majivu yalikuwa mahali pamoja. Wengi walikuwa vijana, Kizito alikuwa na miaka kama 14 tu. Waambie pia, manake sisi tunaosoma Kiswahili tunasahau, kwamba wale wasomaji wa kwanza wa Buganda walianza kusoma neno la Mungu na sala kwa Kiswahili, kabla vitabu vya Kiganda havijapatikana. Kuna Wakristo kutoka Kenya, Tanzania na Congo wanatembea siku nyingi kufika pale, utasikia Kiswahili cha kila namna kwenye ile barabara. Mwambie pasta wako unaenda kuwafundisha watoto kwamba kuna vitu haviuzwi.

*Tumekaa na baba watoto miaka 9, tuna watoto watatu, kwanjula tulifanya kwa wazazi wangu akatoa mahari yote. Ndoa ya kanisa bado, yeye anasema anajipanga. Padri ananinyima komunyo. Naona kama Mungu amenifungia mlango. Mama wa Busia.*

Mungu hajafunga mlango mama, na nataka nikutofautishie mambo mawili ambayo yamechanganyika kichwani mwako. Kunyimwa komunyo ni utaratibu wa kanisa lako kuhusu ahadi ambayo haijasemwa mbele ya madhabahu, sio hukumu kwamba wewe ni malaya, na kama kuna mtu alikuita hivyo alikosa. Misa unaenda, unasali, unalea, Mungu anasikia. Yesu alikaa kisimani na mwanamke Msamaria ambaye mambo yake ya waume yalikuwa magumu kuliko yako mara tano, akamuomba maji, na mwanamke huyohuyo ndo alipeleka habari mjini.

Lakini padri naye nisimgeuze adui. Kanisa linataka ile ahadi isemwe kwa mdomo mbele ya watu kwa sababu ahadi isiyosemwa mbele ya watu mtu anaweza kuikana akitaka. Wewe unaijua hii kuliko mimi, umeona majirani, mwanaume akifa ndugu zake wanakuja na lori wanasema huyu hakuwa mke. Kwanjula na mahari ni ndoa ya kimila, sheria ya Uganda inaitambua, lakini nendeni mkaiandikishe mpate karatasi, hiyo fanya hata kabla ya kanisa.

Sasa hiyo ya kujipanga. Nimekaa kwenye mikutano ya harusi mingi, ile ya kuchangisha kila wiki hotelini, bajeti inaanza na gauni na kumaliza na keki ya ngazi saba na magari manne, halafu watu wanarudi nyumbani na madeni ya miaka miwili, na ndo maana wanaume waaminifu kabisa wanaogopa, anadhani kufunga ndoa ni kuwalisha watu 400. Ndoa ya kanisa inahitaji nyinyi wawili, matangazo ya Jumapili, mashahidi wawili, na mtumishi wa Mungu. Pete inaweza kuwa ya bei ya kilo mbili za nyama. Muombe padri ndoa ya siku ya kawaida, baada ya misa ya asubuhi, au ile ya pamoja ambapo jozi nyingi zinafunga siku moja, mapadri wengi wanazipenda hizo kuliko za sherehe. Halafu mrudi nyumbani mpike matoke na kuku mmoja. Mpeleke mume wako akaambiwe gharama na padri mwenyewe, asikie kwa masikio yake. Akisikia kwamba pesa sio kizuizi na bado anasema anajipanga, basi atakuwa amekujibu, na hapo uniandikie tena tuzungumze mengine.

*Mwalimu nisaidie haraka. Nimeishi na virusi vya Ukimwi miaka sita natumia dawa vizuri. Kwenye mkesha nabii aliniwekea mikono akasema damu yangu imesafishwa, dawa nizitupe zote kama ishara ya imani. Nimeacha wiki tatu. Nina mimba ya miezi minne. Nikirudi kwa dawa nitakuwa nimemkana Mungu? Mama wa Bweyale.*

Hii ndo barua iliyoninyima usingizi. Ilikuwa na namba ya simu kwa hivyo sikungoja gazeti, nilimpigia siku ileile, na ameniruhusu niichapishe kwa sababu anasema kwenye mkesha ule hakuwa peke yake. Nayaandika niliyomwambia, kwa ajili ya hao wengine.

Nilimwambia leo, sio kesho, rudi kliniki. Dawa haziui virusi vyote, zinavilaza. Ukiacha vinaamka, ndani ya wiki chache vinaanza kuongezeka tena, na vikizoea dawa ile haitafanya kazi tena vizuri. Kwa mama mjamzito ni haraka zaidi, manake mama akimeza dawa zake sawasawa na mtoto akapewa dawa yake akizaliwa, uwezekano wa mtoto kuambukizwa unashuka mpaka unakuwa mdogo sana. Mama akiacha, mtoto anabaki bila ukuta.

Dada yangu mkubwa aliacha. Aliombewa, akatoa ushuhuda mbele ya watu, tukapiga makofi, na mimi nilipiga makofi pamoja nao, hilo nalibeba. Miezi minane baadaye tukamzika. Waliomuombea walituambia imani yake ilipungua. Mpaka leo sijui kitu kinachoumiza kuliko kumwambia maiti kwamba hakuamini vya kutosha.

Sasa Mungu anaponya? Anaponya, naamini kwa moyo wote, Yakobo 5 inasema mgonjwa awaite wazee wamuombee na kumpaka mafuta, na sisi tunafanya hivyo. Lakini angalia Yesu mwenyewe alivyofanya, alipowaponya wale kumi wenye ukoma aliwaambia nendeni mkajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14), na makuhani kwa torati ya Musa ndio walikuwa wanapima ukoma. Yaani Yesu mwenyewe aliwatuma kupimwa! Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo. Mtu anayekwambia usipime anaogopa kitu, na sio imani yako anayoiogopa. Hezekia alipokuwa anakufa Mungu alimuahidi kwa mdomo wa nabii wa kweli, Isaya, kwamba atapona, na nabii huyohuyo akasema leteni mkate wa tini mkauweke juu ya jipu (2 Wafalme 20:7), ahadi na dawa vilitoka kwenye mdomo mmoja. Paulo alimuacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa na hakumlaumu. Luka alikuwa tabibu na Paulo anamuita mpendwa.

Na sisi Waganda hatuna sababu ya kudanganywa kwenye jambo hili, kwa sababu kuna kasisi wa Kanisa la Uganda, Gideon Byamugisha, mwaka 1992 alisimama akasema hadharani kwamba anaishi na virusi, kiongozi wa dini wa kwanza Afrika kufanya hivyo, wakati watu walikuwa wanasema ugonjwa huu ni wa wenye dhambi tu. Aliendelea kuhubiri na alimeza dawa. Nani atasema alimkana Mungu?

Kwa hivyo mama, nilimwambia, kidonge unachomeza jioni ukisema asante Yesu ni sala. Usianze mwenyewe na zile zilizobaki kwenye kopo, mwambie nesi ukweli kwamba umeacha wiki tatu na una mimba, yeye ndo ajue pa kuanzia. Ukigombezwa vumilia. Kama kadi uliitupa na yenyewe watakutafuta kwenye daftari.

Alienda. Alinipigia Jumatano anasema nesi hakumgombeza, alimshika tu mkono, akamchukua damu ya kipimo cha wingi wa virusi, akampa dawa na tarehe ya kurudi. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama bado anaruhusiwa kwenda kwenye mkesha, sio wa nabii yule, wa kanisa la jirani, manake anapenda sana kuimba. Nikamwambia nenda, ila saa tatu usiku ikifika toka nje kidogo umeze dawa yako na maji, halafu rudi ndani uendelee kuimba.